Kitabu Chake, Si Chako

Mwenyekiti, walimu, wazazi wenzangu, nanyi vijana mlioketi kule nyuma, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua vitabu vya zawadi, nikaombwa pia nisitumie muda mwingi kueleza faida za kusoma, kwa kuwa waliomo humu wanazijua. Nimefurahi. Basi naanza moja kwa moja na lile swali linalotukuta tukiwa tumesimama mbele ya rafu, vitabu viwili mkononi, na sherehe yenyewe ni kesho: nimpe kipi?

Jibu ninalolishikilia ni hili: kitabu cha zawadi huchaguliwa kwa kumtazama atakayekisoma. Mtu akisikia hivyo hudhani ni jambo lililo wazi mno, halihitaji hotuba. Lakini tazameni vitabu ambavyo sisi watu wazima tunapeana. Rafiki aliyeongezeka uzito huletewa kitabu cha kupunguza uzito. Kijana aliyeshindwa hisabati huletewa kitabu cha hisabati. Mtoto msumbufu huletewa hadithi ya mtoto msumbufu aliyeponzwa na usumbufu wake, mwisho akaomba radhi. Mpokeaji akilitazama jalada tu, ujumbe umeshamfikia: umeona nina kasoro. Atasema ahsante, maana amelelewa vizuri. Kitabu kitawekwa pale kitakapoonekana siku ukija kutembea, na hakitafunguliwa.

Najua nitakachojibiwa: samaki mkunje angali mbichi. Sibishani na methali. Malezi yana nafasi zake. Kuna vitabu vya shule, kuna mazungumzo ya jioni, kuna kuonywa na kukanywa. Zawadi ina kazi nyingine kabisa. Inamwambia mtu kwamba nimekuona ulivyo leo, nimekumbuka unachokipenda, na nimefurahi kwamba upo. Tukichanganya kazi hizi mbili, tunaharibu zote mbili: zawadi inakuwa adhabu, na kitabu kinaingia katika orodha ya mambo ambayo mtoto anayakimbia.

Wala msidhani nasema haya kwa huruma tu. Nchini Marekani, katika jimbo la Florida, watafiti Richard Allington na Anne McGill-Franzen waliwafuatilia watoto wa shule 17 za msingi zilizokuwa na wanafunzi wengi kutoka familia maskini. Watoto 852 walipewa vitabu 12 kila likizo ndefu, kwa miaka mitatu mfululizo, viwe mali yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: watoto hao waliwapita katika kusoma wenzao ambao hawakupewa. Lakini sikilizeni sehemu ambayo husahaulika jambo hili linaposimuliwa. Vitabu vile havikuchaguliwa na walimu. Watoto walipelekwa mahali palipopangwa vitabu vingi, wakaambiwa wachague. Na vilivyogombaniwa zaidi vilihusu watu mashuhuri wa muziki na televisheni. Mtu mzima angevipita bila kuvitupia jicho. Watoto walivisoma, na kusoma kwao kukaimarika.

Basi kumtazama msomaji kunafanywaje? Kwa mtoto, sikiliza maswali yake. Mtoto huuliza maswali kumi kwa siku, na saba kati ya hayo huzunguka jambo lilelile: mbona mwezi unatufuata, mbona mwezi umekatika, nani amewahi kufika mwezini. Huyo ameshakuchagulia kitabu. Tazama pia mikono yake inafanya nini anapokuwa hajapangiwa kazi: anachora, anafungua vitu vya watu na kuvichungulia ndani, anapanga mawe kwa ukubwa, anaigiza sauti za wakubwa. Na kama huishi naye, muulize mlezi wake swali lililonyooka. Ukiuliza, "Anapenda kusoma?" utajibiwa ndiyo au hapana, na utabaki ulipokuwa. Uliza, "Wiki hii amekuwa akizungumzia nini?"

Nina mpwa wangu ambaye alipokuwa na miaka minane, mama yake aliniambia kwa masikitiko kwamba binti hapendi vitabu. Alikwishapewa vingi, karibu vyote hadithi za mabinti wa kifalme. Nilichokuwa nimekiona mimi ni mtoto anayechuchumaa mbele ya ukuta akitazama msafara wa sisimizi mpaka aitwe mara tatu. Nikamtafutia kitabu cha wadudu. Si kile cha wadudu wanaotabasamu na kuvaa kofia, bali chenye michoro ya kweli, miguu sita kila mmoja mahali pake, majina yameandikwa pembeni, na mshale unaoonyesha kifua kinaishia wapi na tumbo linaanzia wapi. Alikitoa nje siku ileile. Alikifungua chini, akaweka kidole kwenye mchoro, akainua macho ukutani, akashusha tena kwenye mchoro. "Huyu mwenye kichwa kikubwa ni askari," akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa. Kile kitabu kina maneno magumu kuliko zile hadithi zote alizozikataa.

Hapo kuna jambo ambalo wapenda riwaya tunalisahau. Tukisikia "kitabu cha mtoto" akili zetu hukimbilia hadithi. Wako watoto, na ni wengi, ambao hadithi hazijawakamata bado lakini wako tayari kusoma kurasa tatu kuhusu namna volkano inavyolipuka au jinsi breki za treni zinavyofanya kazi. Vitabu vya maarifa, ramani, vitabu vya majaribio ya sayansi, vitabu vya mafumbo na vitendawili, vyote hivyo ni kusoma. Na vitabu vya katuni ni kusoma pia. Naomba tuache kuvinunua kwa shingo upande. Mtoto anayefuata katuni anaunganisha picha na usemi, anakisia kilichotokea kati ya kisanduku na kisanduku, anasoma sura za watu. Kazi hiyo si ndogo.

Sasa niseme kidogo kuhusu umri, ingawa umri ni mwanzo tu wa kukisia. Mtoto mchanga huona vizuri vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, yaani umbali wa uso wa anayempakata, na huvutwa na picha zenye rangi zinazopingana sana, nyeusi juu ya nyeupe. Baadaye kidogo atakitia kitabu mdomoni. Huo ndio usomaji wake. Mnunulieni kitabu cha kadibodi ngumu chenye pembe za mviringo, na msimnyang'anye anapokitafuna.

Kuanzia miaka miwili au mitatu tunaingia kwenye vitabu vya picha, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi tunanunua kwa haraka. Kitabu cha picha mara nyingi kina kurasa 32. Sababu ni ya kiwandani: karatasi kubwa huchapwa, hukunjwa na kukatwa kwa mafungu ya kurasa 8 au 16, kwa hiyo 32 hutoka bila upotevu. Mnunuzi huona kurasa chache, maneno machache, akahisi anaibiwa, akachukua kile kinene chenye hadithi mia moja. Lakini kitabu cha kurasa 32 hakisomwi mara moja. Kinasomwa leo, kesho, keshokutwa, na tena papo hapo kinapoisha. Na mtoto anayedai "tena!" anajua anachokitafuta. Mwaka 2011 Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwasomea watoto wa miaka mitatu hadithi zenye maneno mapya. Waliorudiwa hadithi ileile waliyakumbuka maneno yale vizuri kuliko waliosomewa hadithi tofauti tofauti, ingawa wote walikuwa wameyasikia maneno hayo mara sawa.

Kwa hiyo, unapomnunulia mtoto mdogo, kumbuka kwamba unamnunulia pia mtu mzima atakayesoma kwa sauti, usiku, akiwa amechoka. Fanyeni hivi dukani, hata kama watu watawatazama. Fungua kitabu katikati na usome ukurasa mmoja kwa sauti ya chini. Pumzi inaishia mahali panapofaa? Kuna maneno yanayorudi, ambayo mtoto atayadaka na kuyaitika pamoja nawe, kama wasikilizaji wanavyomwitikia fanani? Ulimi unakwama? Sentensi ikikukwaza wewe uliye macho, itamkwaza zaidi baba wa watu saa tatu usiku. Kisha ziba maandishi kwa kiganja na utazame picha peke yake. Picha nzuri ina habari ambayo maandishi hayakuisema: paka amejificha nyuma ya mlango, na hakuna anayemtaja mpaka ukurasa wa mwisho. Mtoto asiyejua kusoma atamwona paka huyo kabla yako, na siku hiyo atajiona ni bingwa. Kama picha inarudia tu kilichoandikwa, kirudishe kitabu rafuni.

Wanaojifunza kusoma wenyewe wana kipimo chao ambacho walimu wengi hukitumia. Mtoto asome ukurasa mmoja na kukunja kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikikunjika, kitabu ni kigumu kwake kwa sasa. Ni kipimo kizuri kwa darasani. Kwa zawadi mimi hukilegeza pande zote mbili. Kitabu kilicho chepesi kwake kitampa raha ya kukimbia bila kujikwaa. Kilicho kigumu, kama kinahusu kitu anachokipenda kupita kiasi, ataking'ang'ania kama yule binti na sisimizi wake, na mtu mzima atamsomea sehemu zilizobaki. Na mtoto aliyemaliza kitabu cha kwanza katika mfululizo, mpe cha pili. Usijisumbue kutafuta kitu kipya cha kumshangaza. Anataka kujua kilichowapata wale watu.

Kuhusu vitabu vya wavulana na vya wasichana, niseme kwa kifupi. Ugawaji huu ni wa zamani: mwaka 1744, mjini London, mchapishaji John Newbery alitoa kitabu cha watoto kilichouzwa pamoja na mpira kwa wavulana, na kwa wasichana kifuko cha kuchomekea pini. Miaka karibu 280 imepita na bado tunaingia dukani tukiuliza rafu ya wasichana iko wapi. Uliza rafu ya wadudu iko wapi, au ya mpira, au ya ushonaji, au ya vita vya kale, kisha mpe anayevipenda.

Kuna jambo lingine ambalo nataka tulichukue kwa uzito. Mwaka 1990 Rudine Sims Bishop, msomi wa Marekani, aliandika kwamba vitabu ni madirisha ambayo mtoto huchungulia maisha ya wengine, na kwamba mwanga ukikaa sawa dirisha hugeuka kioo, akajiona mwenyewe. Alikuwa akiwatetea watoto weusi, ambao walikuwa wakifungua kitabu baada ya kitabu bila kukuta mtu anayefanana nao. Nawaomba mtazame rafu ya mtoto mnayemnunulia kwa macho hayo. Je, kuna kitabu hata kimoja ambamo mtu mwenye ngozi yake, jina linalofanana na lake, nyumba inayofanana na yake, ndiye anayeshika usukani wa hadithi, si rafiki wa pembeni? Je, kuna kitabu katika lugha anayoota nayo? Na kama rafu yake yote ni kioo, basi zawadi yenu iwe dirisha: mtoto wa mbali, bahari ambayo hajaiona, lugha nyingine iliyotafsiriwa vizuri. Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu naye afungue kitabu ambamo mtu wa aina yake anaongoza kisa, anakosea, anacheka, bila hadithi nzima kuhusu kile kiti.

Na asiyeona, au anayesumbuliwa na herufi zinazocheza mbele ya macho yake, msimruke mkampa skafu. Kuna vitabu vya nukta nundu, vya maandishi makubwa, vya sauti. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ulioanza kutumika mwaka 2016, unaziwezesha nchi zilizouridhia kutengeneza na kupelekeana nakala za namna hiyo bila kusubiri idhini ya mwenye hakimiliki. Vinahitaji kutafutwa mapema kuliko vitabu vingine. Tafuteni mapema.

Vijana wa kule nyuma, sasa zamu yenu, na naona mmeshaanza kunyoosha shingo. Kwa kijana wa miaka 13 na kuendelea, ushauri wangu ni kwamba mzazi au shangazi asijitwike uchaguzi peke yake. Mpeleke dukani, mwambie kiasi mlichonacho, kisha simama mbali. Mbali kweli, siyo hatua mbili nyuma ukichungulia. Atachukua kitu ambacho usingekichukua. Kama kinakutia wasiwasi, kisome wewe pia, halafu mzungumze mkiwa wasomaji wawili. Kijana ana mambo ambayo anataka kuyasoma kabla hajayauliza kwa mdomo: mwili wake, mapenzi, kifo cha mtu, kama Mungu anasikia. Kitabu kinamruhusu afike kwenye maswali hayo bila kutazamwa usoni. Kumwachia faragha hiyo ni nusu ya zawadi.

Nije kwa marafiki. Hapa kishawishi kikubwa ni kumpa mtu kitabu ulichokipenda wewe. Ni kishawishi chenye moyo mzuri, na wakati mwingine kinazaa matunda. Lakini kina deni ndani yake. Rafiki anajua kwamba utamuuliza. Anajua kwamba ukurasa wa 40 ulikutoa machozi, na yeye amefika ukurasa wa 40 macho makavu, sasa anaogopa kukutana nawe. Kama ni lazima umpe, mwambie wazi: mimi kilinigusa, wewe huna wajibu nacho. Na jiulize kwanza maisha yake yakoje mwaka huu. Mzazi mwenye mtoto mchanga anapata dakika kumi hapa na robo saa pale, mkono mmoja umeshika mtoto. Riwaya ya kurasa 700 ni mzigo kwake, hata kimwili. Mpe hadithi fupi, au diwani ya mashairi ambayo inafungika na kufunguka popote, na iwe nyepesi mkononi. Rafiki aliyestaafu juzi na kulalamika kwamba siku ni ndefu, huyo ndiye mwenye zile kurasa 700.

Rafiki anayeanza jambo jipya mpe kitabu cha mwanzo kabisa. Naweka mkazo hapa, kwa sababu heshima hutudanganya: tunamwona rafiki yetu ni mtu msomi, tunamnunulia kitabu kizito cha wataalamu. Michael Faraday, aliyekuja kuwa mwanasayansi mashuhuri wa Uingereza, aliingia mwaka 1805 kuwa mwanagenzi wa fundi wa kujalidi vitabu jijini London, kijana wa familia maskini asiye na elimu ya kutajika. Alisoma vitabu vilivyoletwa kujalidiwa. Kimoja kilichomfungulia kemia kiliandikwa na Jane Marcet kwa mtindo wa mazungumzo, mwalimu na wanafunzi wake wawili wasichana wakiulizana na kujibizana, kwa ajili ya watu wasiojua chochote. Kilikuwa kitabu cha wanaoanza, na Faraday alikuwa akianza. Baadaye mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kwenda kusikiliza mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy. Faraday akaandika aliyoyasikia, akayachora, akayajalidi kwa mikono yake, akampelekea Davy yawe zawadi. Mwaka 1813 Davy alimchukua kuwa msaidizi wake wa maabara. Na hata alipokuwa mwanasayansi anayejulikana duniani, Faraday aliendelea kumpelekea Jane Marcet nakala za maandishi yake kama shukrani. Mimi kinachonigusa zaidi ni ile zawadi aliyompelekea Davy. Kijana yule alimtazama mpokeaji, akampa kitu ambacho Davy hangeweza kukikuta katika duka lolote: maneno ya Davy mwenyewe, yaliyosikilizwa kwa makini na kuandikwa kwa mkono safi.

Rafiki aliyefiwa ni sura ngumu, na nimeona watu wakikosea kwa upendo. Wiki ya kwanza hukimbilia kitabu cha hatua za kuomboleza, chenye vichwa vya habari na mazoezi ya kujaza. Aliyefiwa hawezi hata kumaliza aya moja. Anasoma mstari uleule mara nne. Kwa maoni yangu, wiki ile mpeni uwepo wenu, vyombo vioshwe, simu zipokelewe. Kitabu kije baada ya miezi michache, watu wakishaacha kuja na nyumba ikawa kimya. Hapo diwani inafaa kuliko maelezo, kwa kuwa shairi moja ni dogo kiasi cha kubebwa na mtu aliyechoka. Au kitabu kisichohusu kifo kabisa: ndege, nyota, safari za baharini. Na kama marehemu alikuwa na kitabu alichokipenda, na nakala yake imepotea, kutafuta nakala nyingine ya kitabu hichohicho ni kazi inayostahili miguu yenu.

Kuhusu fedha, waswahili tumeshasema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kitabu kilichotumika ni zawadi kamili. Kikagueni tu: pindueni kurasa zote muone kama hakuna zilizong'oka, nuseni kama kina ukungu, na kwa vitabu vya sayansi, sheria, afya au ramani tazameni mwaka wa toleo, maana maarifa hayo huchakaa hata karatasi ikiwa mpya. Riwaya na mashairi havina shida hiyo. Msiogope karatasi duni. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Jella Lepman, mwandishi wa habari Myahudi aliyekuwa amekimbia Ujerumani ya Hitler, alirudi huko akakuta watoto hawana vitabu. Aliandika barua kwa nchi 20 kuomba vitabu vya watoto, na bila kuficha kwamba hana fedha za kuvinunua. Nchi zilizokuwa zimevamiwa na Wajerumani nazo zilituma. Maonyesho yakafunguliwa mjini Munich mwaka 1946, na watoto wakakaa chini kutazama picha katika vitabu vya lugha wasizozijua. Mwaka huohuo aliitafsiri hadithi mojawapo kwa Kijerumani, ikachapwa nakala 30,000 kwenye karatasi za gazeti, zikagawiwa watoto. Karatasi za gazeti. Ninyi mnahangaika kama jalada gumu linapendeza zaidi kuliko laini.

Kabla ya kukifunga kitabu kwa karatasi ya zawadi, andikeni ndani. Ukurasa wa kwanza mtupu upo kwa kazi hiyo. Jina lake, tarehe, jina lako, na sentensi moja ya kweli inayoeleza kwa nini umemkumbuka ulipokiona: "Nilikumbuka ulivyobishana nami kuhusu mwezi." Basi. Msimwandikie mtoto wosia wa kusoma kwa bidii ili afaulu maishani; tumerudi kulekule kwenye maagizo. Ikiwa kuna uwezekano kwamba anacho tayari, andika kwenye kipande cha karatasi ukichomeke ndani, uweke na risiti, na umwambie anaruhusiwa kukibadilisha. Akibadilisha, usinune.

Na hapo ndipo ugumu unapoanza, kukiachia. Mwandishi Mfaransa Daniel Pennac aliorodhesha mwaka 1992 haki kumi za msomaji. Ya kwanza ni haki ya kutosoma. Zimo pia haki ya kuruka kurasa na haki ya kutomaliza kitabu. Mtoa zawadi anayeziheshimu haki hizo hamuulizi mtoto, "Umefika ukurasa wa ngapi?" Hasemi, "Nilikununulia kile kitabu, mbona sijakuona nacho?" Vitabu vingine hukaa mwaka mzima, mtoto anakua, siku ya mvua anakivuta. Ukitaka kuuliza, uliza ukiwa unataka kujua kweli: yule mtu wa mwanzoni, wewe ulimwamini? Ni picha gani uliyoirudia? Na akikuambia kwamba hakukipenda, mwulize ni kwa nini, kisha umsikilize mpaka mwisho bila kukitetea kitabu, kwa sababu anachokueleza hapo ndicho utakachokihitaji utakaposimama tena mbele ya rafu.